Namna ya Kuanzisha Baraza la Vijana la Kusuluhisha Makosa Madogo Mtaani

Mtoto wa miaka 14 akiiba chaja kwenye kibanda cha simu hapa Busia, upande wa Uganda, mara nyingi mambo huenda kwa njia mbili. Ama watu wa soko wanampiga mpaka polisi waje kumwokoa, ama anafungiwa kituoni na faili lake linaanza safari inayoweza kuishia kwenye rimandi ya watoto Mbale, mbali na mama yake na mbali na shule. Katika njia zote mbili mwenye kibanda harudishiwi chaja yake.

Njia ya tatu ipo, na sheria ya Uganda inaipa nafasi. Ni kikao cha vijana wa rika la mtoto mwenyewe, chini ya mkono wa LC1 (baraza la serikali ya kijiji), kinachomsikiliza mtoto, kinamsikiliza aliyekosewa, kisha kinakubaliana nao jinsi ya kurekebisha kilichoharibika. Marekani wamekuwa na mahakama za vijana za namna hii kwa miongo kadhaa. Ile ya Anchorage, Alaska, ilianza 1989, na ya Red Hook, Brooklyn, ikaanza 1998. Utafiti wa taasisi ya Urban Institute uliotolewa 2002 ulilinganisha programu za majimbo manne. Alaska, katika miezi sita, waliorudia makosa walikuwa asilimia 6 kati ya waliopita mahakama ya vijana, na asilimia 23 kati ya waliopita njia ya kawaida. Si sehemu zote zilizopata matokeo mazuri kiasi hicho, na ndiyo maana naandika mwongozo huu kwa urefu. Baraza lililojengwa vibaya linaweza kumwaibisha mtoto na kumwacha palepale alipokuwa.

Hatua ya kwanza: tafuta kwanza mahali pa kulipia kosa

Wengi huanza na mafunzo, fulana zenye nembo na siku ya uzinduzi. Kesi ya kwanza inafika, vijana wanaamua mtoto afanye kazi ya jamii kwa saa kumi, halafu hakuna anayejua aende wapi. Mwishowe anatumwa kufagia uwanja wa mwenyekiti. Watu wakianza kusema kwamba baraza linawatafutia wakubwa vibarua vya bure, utawajibu nini?

Kwa hiyo kabla ya kumwita kijana hata mmoja, zunguka mtaa wako na upate sehemu tano au sita zilizo tayari kumpokea mtoto. Kituo cha afya kina nyasi za kufyeka na benchi za kupaka rangi. Kamati ya kisima ina mfereji unaoziba kila mvua ikinyesha. Shule ya msingi ina vitabu vilivyochanika vinavyohitaji gundi na mtu mwenye subira. Msikiti na kanisa havikosi kazi. Fundi baiskeli anaweza kumchukua kijana Jumamosi mbili, na huko kijana akajifunza kunyoosha rimu, jambo litakalomfaa kuliko kufagia.

Kila mahali andika vitu hivi kwenye daftari: jina la mtu mzima atakayesimamia, kazi yenyewe, siku na saa, na kama pana maji na choo. Kisha jiulize maswali magumu. Je, mtoto atakuwa peke yake na mtu mzima mahali pasipoonekana? Kama ndiyo, hapo hapafai, hata msimamizi awe mtu wa heshima namna gani. Je, kazi hiyo inamwingizia msimamizi pesa? Duka, hoteli na shamba la mtu binafsi viondoe, isipokuwa mwenye mali ndiye aliyekosewa na amekubali kulipwa kwa kazi mbele ya wazazi wa mtoto. Kupakia malori mpakani, kuchomelea vyuma, kubeba mizigo mizito na kufanya kazi usiku, hivyo vyote hapana. Na kazi isimtoe mtoto darasani.

Kusanya pia watu wa kusaidia, maana makosa mengi ya watoto yana mzizi. Mmoja aliacha shule kwa kukosa ada, wa pili nyumbani hakuliki, wa tatu ameingia kwenye kundi la wavuta bangi. Mtafute mwalimu mstaafu anayeweza kufundisha jioni, kocha wa mpira, muuguzi anayejua kuongea na vijana, sheikh au mchungaji asiyekuwa mkali, na mama wa kikundi cha akiba anayejua nyumba zote za mtaa. Orodha hiyo ndiyo mtaji wa baraza. Kwa maoni yangu, mtaa wenye orodha nzuri na vijana wasiojua sheria hata kidogo uko mbele ya mtaa wenye vijana waliosoma sheria na usio na pa kumpeleka mtoto.

Hatua ya pili: jua mipaka ya sheria

Sheria unayohitaji ni Sheria ya Watoto ya 1996, iliyofanyiwa marekebisho 2016. Inasomeka bure kwenye ULII, tovuti ya sheria za Uganda, na sehemu zinazokuhusu si nyingi. Zisome mwenyewe, usingoje kusimuliwa. Mambo ya kushika ni haya.

Mtoto wa chini ya miaka 12 hawezi kushtakiwa kwa kosa lolote la jinai. Akikosea, hilo ni jambo la wazazi na ustawi wa jamii, wala halifai kuletwa barazani.

Mahakama ya LC ya kijiji inaruhusiwa kusikiliza makosa madogo ya watoto: wizi, shambulio la kawaida na lile la kuumiza mwili, kuingia kwenye mali ya mtu bila ruhusa, kuharibu mali kwa makusudi, kupigana hadharani na makosa ya pombe. Inaweza kuamuru suluhu, fidia, kurudisha mali, kuomba radhi au onyo. Inaweza pia kumweka mtoto chini ya uangalizi wa mtu mzima kwa muda usiozidi miezi sita. Haina mamlaka ya kumpeleka mtoto rimandi.

Polisi nao wanaweza kumwonya mtoto na kumwachia bila kumfikisha mahakamani. Mtoto haruhusiwi kuwekwa selo moja na watu wazima, na asihojiwe bila mzazi, mlezi au afisa wa ustawi wa jamii kuwapo.

Sheria inakataza kumwambia mtoto kwamba ametiwa hatiani au amehukumiwa. Hata mahakama ya familia na watoto haitumii maneno hayo, basi baraza lako lisiyatumie.

Ubakaji, unajisi (kufanya ngono na mtoto), mauaji, wizi wa kutumia silaha na jeraha kubwa havigusi baraza hata kidogo. Unajisi hasa. Familia mbili zitakuja usiku na mbuzi na maneno mazuri, zikiomba mambo yaishe kimya kimya. Jibu ni moja: polisi na hospitali, siku hiyohiyo. Ukiona mtoto yuko hatarini nyumbani kwao, piga 116, namba ya Sauti, simu ya msaada kwa watoto, ambayo haina malipo.

Halafu kuna fimbo. Kila mtaa kuna mzee atakayesema mchelea mwana kulia hulia yeye, na kwamba viboko vitatu vingemaliza yote haya. Mjibu kwa heshima, lakini usitetereke. Kuchapa si miongoni mwa mambo ambayo LC inaruhusiwa kuamuru, na marekebisho ya 2016 yaliharamisha viboko hata shuleni.

Katiba ya 1995, ibara ya 126, inazitaka mahakama zikuze suluhu kati ya pande mbili. Utaitumia mbele ya watu wenye mashaka, kwa hiyo iwe kichwani.

Hatua ya tatu: nenda kwa wakubwa, mmoja baada ya mwingine

Anza na mwenyekiti wa LC1. Wasilisha jambo kama msaada kwake, maana ndivyo lilivyo. Wenyeviti wengi hawasemi wazi, lakini wana wasiwasi kwamba unawachukulia kesi, na kesi huleta heshima na mara nyingine ada kidogo ya muhuri. Usilizunguke hilo. Mwambie: “Mzee mwenyekiti, kiti ni chako. Vijana watamsikiliza mtoto, makubaliano yataletwa kwako, na yasipopata sahihi yako hayana nguvu.” Na iwe hivyo kweli. Baraza la vijana halina mamlaka lake lenyewe kisheria. Linasimama juu ya mamlaka ya LC1 na ridhaa ya pande mbili. Kwa sababu hiyo usiandike neno mahakama kwenye muhuri wala kwenye kibao.

Baada yake muone naibu mwenyekiti, ambaye kwa cheo chake ndiye katibu wa mambo ya watoto. Huyu ndiye utakayefanya naye kazi kila wiki. Kisha nenda kwa afisa wa probesheni na ustawi wa jamii wa wilaya. Ni mtu mmoja au wawili kwa wilaya nzima, wana kazi za kupita kiasi, kwa hiyo nenda na karatasi moja iliyoandikwa vizuri na uombe mambo mawili tu: aje kwenye siku moja ya mafunzo, na apokee nakala ya kila makubaliano. Kituoni muombe afande wa dawati la watoto na familia, umwambie aina ya kesi mnazoweza kupokea. Afande akijua kwamba mtoto aliyemwachia kwa onyo ana mahali pa kwenda Jumamosi, atamwachia kwa moyo mwepesi.

Walimu wakuu waone mwisho, ukiwa tayari na sahihi za hao wengine. Wenzetu wa Kyaka na Nakivale, ambako Wakongomani wengi huongea Kiswahili, wana kamati za ustawi za wakimbizi zinazofanana na LC. Huko hatua ni zilezile, ila ofisi ya kamanda wa makazi, iliyo chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu, nayo lazima ijue.

Kwa msaada wa kisheria, Justice Centres Uganda ina ofisi Tororo, jirani zetu, na FIDA Uganda, chama cha wanasheria wanawake, hushughulika na mambo ya wanawake na watoto. Waombe mwanasheria mmoja awapitie fomu zenu kabla hamjaanza kuzitumia.

Hatua ya nne: chagua vijana na uwafunze kuuliza

Unahitaji vijana kumi na watano hivi, wa miaka 13 hadi 18, ingawa kikao kimoja kitakaliwa na watano. Usichukue viranja watupu. Chukua na anayeuza karanga stendi, na msichana aliyeacha shule akiwa P6 (darasa la sita), na mtoto wa madrasa, na wa kwaya. Wasichana wawe nusu. Chukua pia wanaojua Kisamia, Kiteso na Luganda, kwa sababu Kiswahili kitawaunganisha kikaoni lakini mama mlalamikaji atataka kusema uchungu wake kwa lugha ya kwao. Na baadaye, mtoto aliyemaliza kurekebisha kosa lake mkaribishe akae kwenye baraza. Mahakama nyingi za vijana Marekani hulifanya hilo kuwa sehemu ya makubaliano yenyewe, na nadhani ni katika mambo bora waliyobuni. Anayejua kiti cha mbele kilivyo kigumu huuliza maswali ya kweli.

Likizo ndefu ya Desemba na Januari ndiyo wakati wa mafunzo. Anchorage vijana hupitia kozi ya sheria na kufanya mtihani kabla ya kuruhusiwa kushughulikia kesi. Sisi hatuna haja ya mtihani wa maandishi, lakini kila kijana apimwe kwa kuigiza kesi mbele ya wenzake.

Sehemu ngumu ni kuuliza. Vijana wasiofunzwa wanahubiri. Chukua kesi ya kuigiza ya mvulana aliyechukua benki ya umeme ya simu (power bank) kwenye kibanda cha kuchaji na kuiuza ng'ambo ya mpaka. Swali la kwanza la vijana huwa: “Hukuona aibu?” Mvulana anatazama miguu yake, na kikao kimekufa. Msimamishe aliyeuliza, umwombe ajaribu tena bila kuhukumu. Polepole atafika kwenye: “Asubuhi ile ulipoamka, ulikuwa unafikiria nini?” Kisha: “Pesa ulizipeleka wapi?” Hapo ndipo inatoka kwamba alimpa rafiki aliyemdai kwenye kamari ya mpira, na kwamba rafiki mwenyewe ana miaka 22. Sasa mna jambo la kufanyia kazi. Msimamizi mtu mzima ajue kwamba huyo wa miaka 22 ni kesi ya polisi.

Zoeza pia kunyamaza. Mtoto akikaa kimya kwa muda, kijana asikimbilie kumjibia. Na zoeza kumsikiliza mwenye kibanda kwa uzito uleule, maana simu zinazochajiwa kibandani ni za wateja wake, na mteja akipoteza imani harudi.

Kabla ya kesi ya kwanza kila kijana aape mbele ya mwenyekiti na wazazi wake kutunza siri. Atakayevunja kiapo anaondoka, hata akiwa mtoto wa mwenyekiti.

Hatua ya tano: kikao

Baraza halichunguzi kama mtoto alifanya au hakufanya. Linapokea tu mtoto aliyekubali kosa kwa hiari, mzazi au mlezi wake akiwa amekubali, na aliyekosewa akiwa amekubali pia. Mtoto akikana, rudisha kesi ilikotoka. Msimruhusu mtu yeyote kumbembeleza akiri ili mambo yaishe haraka.

Fanyeni kikao Jumamosi asubuhi, mahali pa kawaida penye kivuli na faragha: darasa, ukumbi wa kanisa, chumba cha kikundi cha akiba. Kaeni duara. Si chini ya mwembe kando ya barabara ambako boda boda wote watasimama kusikiliza. Sheria inamlindia mtoto faragha yake, na mtaani jina likishatoka halirudi.

Watano wanakaa: mmoja anaongoza, mmoja anaandika, watatu wanauliza. Mtu mzima mmoja au wawili wakae pembeni na waseme tu hatari ikitokea. Aliyekosewa aongee wa kwanza, kisha mtoto, kisha mzazi. Mzazi mpeni muda. Mara nyingi amekuja kwa aibu, tayari kumtukana mwanawe hadharani ili aonekane mzazi mwema, na kiongozi wa kikao anapaswa kumtuliza kwa upole: “Mama, hapa hatumlaumu mtu. Tusaidie tumwelewe.”

Vijana wanatoka nje, wanashauriana, wanarudi na pendekezo. Pendekezo linajadiliwa na wote, linapunguzwa au kuongezwa, na haliwi makubaliano mpaka mtoto, mzazi na aliyekosewa watie sahihi. Liwe na mambo mawili au matatu yanayopimika: kuomba radhi ana kwa ana, kulipa kiasi fulani kwa tarehe fulani au kwa kazi fulani, kwenda kwa kocha kila Alhamisi kwa mwezi mmoja. Kama fidia ni pesa, itoke kwa namna ambayo mtoto ataihisi. Baba akilipa yote siku hiyohiyo, mtoto amejifunza tu kwamba baba ana pesa.

Hatua ya sita: karatasi na pesa

Karatasi ni nne: fomu ya kupokea kesi, fomu ya ridhaa, makubaliano na ripoti ya kumaliza. Kwenye daftari la baraza tumieni namba badala ya jina. Daftari lenye majina likae kwa naibu mwenyekiti kwenye sanduku lenye kufuli. Msipige picha za kikao, hata mfadhili akiziomba. Picha za mafunzo zinatosha.

Gharama si kubwa: daftari, kalamu, muhuri, nauli ya boda kwa anayetoka mbali, chai na chapati kwa vijana wanaokaa asubuhi nzima. Wafanyabiashara wa soko watachangia wakielewa kwamba wao ndio wanaoibiwa. Afisa wa maendeleo ya jamii wa manispaa au wilaya ndiye wa kuwaandikisha kama kikundi cha kijamii, na bila cheti hicho msipokee pesa za mtu. Pesa za PDM, mpango wa serikali wa maendeleo ya parishi, msizihesabu. Zile milioni 100 za kila parishi ni za miradi ya uzalishaji ya kaya, na kuzitafutia njia ya kuingia barazani kutawaharibia jina. Mfadhili mkubwa pia asije mapema. Mkishazoea posho ya kikao, siku itakapokatika vijana hawatakuja.

Hatua ya saba: kufuatilia

Hapa ndipo mabaraza mengi hulegea. Kila makubaliano yapewe kijana mmoja wa baraza na mtu mzima mmoja wa kuyafuatilia. Kijana anampitia mtoto mara moja kwa wiki, anamuuliza imekwendaje. Mtu mzima anampigia simu msimamizi wa kazi. Mtoto asipofika Jumamosi ya kwanza, nendeni kwao jioni ileile kabla ya kumwandika kuwa ameshindwa. Huenda mdogo wake anaumwa, huenda msimamizi mwenyewe hakufungua. Akikataa kabisa, kesi inarudi kwa mwenyekiti au kwa afande, bila maneno yoyote aliyosema kikaoni kutumika dhidi yake. Hilo liandikwe kwenye fomu ya ridhaa tangu mwanzo.

Akimaliza, aitwe, apewe karatasi ya kumaliza yenye sahihi ya mwenyekiti, na aliyekosewa aalikwe kuwapo. Nakala iende kwa afisa wa probesheni.

Panga kalenda yako kwa kufuata shule. Kesi nyingi zitakuja wakati wa likizo za Mei na Agosti, watoto wanapokuwa sokoni mchana kutwa, kwa hiyo hapo weka kikao kila wiki. Muhula wa tatu punguza, na wanaofanya mitihani ya P7 (darasa la saba) na S4 (kidato cha nne) wapumzishe kabisa. Mwezi wa pili shule zikifunguliwa, hesabu nani amehama, nani ameolewa, nani ameenda bodingi, kisha andikisha vijana wapya kabla waliobaki hawajachoka.